Kubuni Pawa Saplai ya Swichi ya Masafa ya Chini: Kutoka Betri ya Volti 12 hadi Volti 5 za Simu



Niliombwa nizungumzie pawa saplai za swichi kwa ujumla. Nimeifinya mada hadi kifaa kimoja tutakachokijenga mchana huu: cha kushusha volti 12 za betri ya sola ziwe volti 5 za kuchajia simu, kwa mkondo wa nusu ampea. Kinatumia aisii ya siku nyingi, MC34063, na swichi yake inapiga takriban mara 20,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 20. Chaja mpya za dukani zinakwenda kasi zaidi ya hapo kwa mbali. Zipo aisii za kushusha volteji zinazopita megahezi 1. Kwa hiyo wapo watakaosema tunarudi nyuma. Jibu langu ni kwamba masafa ya chini humfaa fundi anayejua kuwa kifaa chake kitafunguliwa tena, pengine na mtu mwingine, mahali pasipo na osiloskopu wala duka la vipuri.

Shida za saketi ya namna hii haziishi, zinahama tu. Ukipandisha masafa, koili na kapasita hupungua ukubwa, lakini shida huhamia pale jicho lisipofika: urefu wa njia za bodi, joto la transista kila inapogeuka, kelele inayoruka hewani. Ukishusha masafa, shida hurudi kwenye koili kubwa na kapasita kubwa, vitu unavyovishika, kuvipima na kuvibadilisha kwa mkono. Mimi huchagua shida ninayoweza kuishika.

Kwa nini tusitumie 7805 tu?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni la haki, kwa sababu regyuleta ya 7805 ni nafuu, ina miguu mitatu na haina siri. Siku ambayo umeme upo wa kutosha, itumie. Lakini betri ya volti 12.5 ikilisha 7805 inayotoa volti 5 kwa nusu ampea, zile volti 7.5 zinazobaki huchomwa ndani ya regyuleta. Zidisha kwa nusu ampea: wati 3.75 zinageuka joto, na simu inapata wati 2.5. Ufanisi ni asilimia 40. Hitisinki itaondoa joto, lakini umeme uliokwisha kuwa joto haurudi kwenye betri.

Tuseme tuna betri ya ampea-saa 7, zile ndogo za pikipiki au za taa za dharura, na hatutaki kuitumia zaidi ya nusu ili isife mapema. Tuna ampea-saa 3.5. Kwa 7805, betri inatoa nusu ampea ileile anayopokea mteja, hivyo tunapata saa 7 za kuchaji. Kwa swichi yenye ufanisi wa asilimia 80, betri inatoa robo ampea tu, na saa zinakuwa 14. Kwa mwenye kibanda cha kuchaji simu kijijini, hiyo ndiyo tofauti kati ya kufunga saa kumi jioni na kuendelea hadi watu wametoka shambani.

Swichi inafanya nini hasa

Transista katika 7805 huachwa nusu wazi, ndiyo maana inaungua. Katika saketi yetu transista ama imefunguka kabisa, ama imefungwa kabisa. Ikifunguka, umeme wa betri unapita kwenye koili kuelekea kwenye simu na mkondo unapanda taratibu. Ikifungwa, koili haikubali mkondo ukatike ghafla. Inausukuma uendelee, sasa ukizungukia kwenye dayodi. Mfano wa karibu ni gurudumu la cherehani ya miguu, ambalo huendelea kuzunguka mguu ukishaachia pedali. Kapasita ya mwisho hulainisha kilichobaki.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko transista. Redio za magari za miaka ya 1930, zilizotumia valvu, zilihitaji volteji kubwa kutoka kwenye betri ya volti 6. Ndani yake mlikuwa na kipande cha chuma kinachotetemeka, kikifungua na kufunga umeme mara mia na ushee kwa sekunde, ukaingia kwenye transfoma. Hiyo ilikuwa pawa saplai ya swichi ya masafa ya chini kwelikweli, na abiria walisikia mvumo wake. Kilichoturuhusu kupanda hadi kilohezi 20 ni transista. Na sababu kubwa ya wabunifu wa kwanza kupenda kusimama hapo ni kwamba sikio la binadamu huishia karibu na hapo. Mtakapowasha kazi yenu mchana huu, wengi mtaisikia hata hivyo. Nitaeleza sababu.

Onyo moja kabla ya hesabu. Tunaanza na betri kwa makusudi. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa na kuingia kwenye kapasita unakuwa volti 325 za mkondo mnyoofu, na kapasita hiyo inaweza kukaa na chaji muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa. Kujifunzia swichi humo ni kutafuta msiba. Kosa la volti 12 litakuunguzia kidole. La volti 325 linaua.

Hesabu

Betri ya risasi na tindikali si volti 12 daima. Ikiwa imeisha ni karibu 11, na paneli ikiwa inaichaji huweza kufika 14.4. Saketi lazima imudu ncha zote mbili. Ncha ya chini huamua kama volti 5 zitapatikana, na ya juu huamua nani ataungua.

Ndani ya MC34063 transista inapoteza takriban volti 1 ikiwa wazi. Hiyo ni nyingi, na ndiyo kasoro kubwa ya aisii hii. Dayodi ya Schottky kama 1N5819 inapoteza takriban 0.4. Kwa betri ya volti 11, koili inabaki na volti 5 wakati swichi iko wazi (11 toa 1 toa 5), na volti 5.4 wakati imefungwa (5 jumlisha 0.4). Muda wa kuwa wazi ukigawanywa kwa muda wa kufungwa ni 5.4 kwa 5, yaani 1.08. Karibu nusu kwa nusu.

Sasa masafa. Vitabu vingi huanza na masafa, kisha vikakuambia ununue kapasita ya pikofaradi 832, ambayo haiuzwi popote. Mimi huanza na kapasita iliyopo kwenye droo. Nanofaradi 1, ile iliyoandikwa 102, inapatikana hadi kwenye bodi za redio mbovu. Mtengenezaji anasema kapasita ya saa, kwa faradi, ni muda wa kuwa wazi kwa sekunde ukizidishwa na 0.00004. Tukigeuza hesabu, nanofaradi 1 inatupa mikrosekunde 25 za kuwa wazi. Gawanya kwa 1.08, unapata mikrosekunde 23 za kufungwa. Jumla ni 48, na masafa ni kilohezi 21 hivi. Tumefika tulipotaka kwa kapasita ya shilingi chache.

Kwa mkondo wa nusu ampea, kilele cha mkondo ndani ya koili tunakihesabia mara mbili yake, ampea 1. Koili ndogo kabisa inayokubalika ni volti 5 gawanya kwa ampea 1, zidisha kwa mikrosekunde 25: mikrohenri 125. Tutasuka ya 150.

Aisii ina ulinzi wa mkondo. Rezista ndogo huwekwa kati ya mguu wa 6 na wa 7, na volteji juu yake ikifika takriban 0.3, swichi inakatwa. Hapa ndipo ile ncha ya volti 14.4 inapojionyesha. Koili sasa inapata volti 8.4, na kwa mikrosekunde 25 mkondo wake ungepanda ampea 1.4 kwa pigo moja, wakati transista ya ndani mwisho wake ni 1.5. Bila rezista hiyo, mteja anachaji vizuri usiku na aisii inakufa saa sita mchana jua linapowaka. Tunaweka rezista nne za omu 1 sambamba, tunapata omu 0.25, na kilele kinakomea ampea 1.2.

Volteji ya kutoka hupangwa na rezista mbili zinazorudisha habari kwenye mguu wa 5, ambako aisii inalinganisha na volti 1.25 zake za ndani. Kwa volti 5 uwiano ni 3 kwa 1. Badala ya kutafuta kilo-omu 3.6 na 1.2, chukua rezista nne za kilo-omu 1 kutoka ukanda mmoja: tatu mfululizo upande wa juu, moja chini. Zikitoka kiwanda kimoja siku moja, kasoro zao hufanana, na kasoro zinazofanana hufutana kwenye uwiano. Ni usahihi wa bure.

Koili

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa. Fundi ananunua aisii mpya, dayodi mpya, kapasita mpya, halafu koili anaichomoa kokote alikoiona imekaa vizuri. Saketi inawaka, volti 5 zinatoka, anaweka simu, aisii inachemka. Anabadilisha aisii.

Koili ya kazi hii inahifadhi nguvu ndani ya kiini chake, na kila kiini kina kikomo. Ukikipita, kiini kinashiba: koili inageuka kuwa waya mtupu, na mkondo uliokuwa ukipanda taratibu unaruka. Pete ya feraiti isiyo na nafasi iliyokatwa ndani yake, kama zile za kuchuja kelele kwenye waya wa umeme unaoingia kwenye mashine, ina henri nyingi sana kwa mizunguko michache. Multimita yenye kipimo cha henri itakupa namba nzuri ya kukufurahisha, kwa sababu inapima kwa mkondo mdogo mno. Weka ampea 1 na imeshiba. Koili ya taa ya kubana matumizi nayo haifai: waya wake ni mwembamba na henri zake ni nyingi kupita mahitaji yetu.

Inayofaa inalala kwenye pawa saplai mbovu za kompyuta za mezani, zile zinazouzwa kwa kilo. Fungua, tafuta upande wa kutolea umeme, utakuta pete nene ya rangi ya njano yenye upande mmoja mweupe, imefungwa waya nene za tabaka kadhaa. Huo ni unga wa chuma ulioshindiliwa, si feraiti. Chembe zake zimetenganishwa na nafasi ndogondogo zisizoonekana, na nafasi hizo ndizo zinazoifanya istahimili mkondo. Pete ya namna hiyo yenye kipenyo cha nje cha milimita 27 hivi kwa kawaida huwa na nanohenri 93 kwa mzunguko mmoja, na thamani hupanda kwa mraba wa mizunguko. Mizunguko 40 ni 1,600 mara 93, karibu mikrohenri 149.

Fumua waya wote wa zamani. Chukua waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.6, mita 2 zinatosha na kubaki, usuke mizunguko 40 tabaka moja, ukihesabu kila waya unapopita katikati ya pete. Usiupindishe waya kwenye kona kwa koleo. Vanishi ikichubuka juu ya chuma, mizunguko miwili ikagusana, umetengeneza transfoma inayojilisha yenyewe. Pete hiyo hiyo haipendi masafa makubwa, unga wake huchemka. Kwa kilohezi 20 iko nyumbani. Ndiyo faida nyingine ya kwenda polepole: taka za kompyuta zinakuwa duka letu.

Kuhusu ule mlio. MC34063 haibadilishi upana wa mapigo kwa ulaini kama aisii za kisasa. Saa yake ya ndani, kwa nanofaradi 1, inakwenda karibu kilohezi 33, na volteji ya kutoka ikitosha, aisii inaruka mapigo kadhaa, kisha inaendelea. Ile 21 ya kwenye hesabu ni wastani wakati mzigo umejaa. Simu ikikaribia kujaa na kunywa kidogo, mapigo yanakuja kwa makundi, na makundi hayo yanaingia kwenye masafa ya sikio. Koili inaanza kukoroma au kuzomea. Si ubovu. Vanishi au gundi ya epoksi juu ya waya huupunguza mlio. Mlio ukibadilika ghafla na kuwa mkali huku mzigo ni uleule, hapo sasa zima na ukague kapasita.

Dayodi na kapasita

Dayodi sina mengi. 1N5819 inatosha, ina volti 40 na ampea 1. Usiweke 1N4007, hata kama sanduku limejaa. Ilitengenezwa kwa umeme wa hezi 50 na inachelewa kufunga. Katika muda huo wa kuchelewa transista inakuwa imefunguka tena, na betri inapiga moja kwa moja hadi kwenye ardhi. Masafa yetu ni ya chini, lakini si ya chini kiasi hicho.

Kapasita ya kutoka, kwa hesabu tupu, mikrofaradi 120 zinatosha kubakiza viwimbi vya milivolti 50. Hesabu hiyo inadhani kapasita haina ukinzani wa ndani. Yenye ukinzani wa omu 0.1, ikipitiwa na mkondo unaopanda na kushuka kwa karibu ampea 1, inaongeza milivolti 100 peke yake. Kwa hiyo tunaweka mbili za mikrofaradi 470 za volti 16 sambamba, kupunguza ukinzani zaidi kuliko kuongeza faradi. Ya kuingilia iwe 220 au zaidi, ya volti 25, iliyo karibu na aisii. Kapasita iliyotolewa kwenye bodi ya zamani ikiwa imevimba kichwa, au imeacha alama ya unyevu chini yake, tupa.

Kupanga bodi

Mguu wa 1, wa 7 na wa 8 inaungana. Mguu wa 6 unapokea betri, wa 4 ni ardhi, wa 3 una ile kapasita ya 102, wa 2 ndio unaotoka kwenda kwenye koili na kwenye upande wenye mstari wa dayodi. Upande mwingine wa dayodi unakwenda ardhi.

Kuna njia moja ya kuiogopa: kutoka kapasita ya kuingilia, kupitia aisii, kwenye dayodi, kurudi kwenye kapasita ileile. Humo mkondo unakatwa na kuwashwa ghafla. Nataka njia hiyo ifunikwe na kidole gumba. Ikitanuka, inakuwa antena, na mtangazaji wa masafa ya kati atazungumza katikati ya ngurumo kila redio ikikaa jirani na chaja. Waya wa mguu wa 5 uuweke mbali na koili. Kwa kilohezi 20 bodi ya matundu yenye mistari ya shaba inavumilia. Kwa megahezi 1 mpangilio huohuo haungefika hata kwenye volti 5 tulivu.

Kuwasha mara ya kwanza

Usiunganishe simu. Usiunganishe hata betri moja kwa moja. Pitisha umeme kwenye balbu ya indiketa ya gari ya volti 12, wati 21, iliyofungwa mfululizo. Kama kuna shoti, balbu inawaka na aisii yako inapona. Kama balbu haiwaki, pima volteji ya kutoka: ikiwa kati ya 4.9 na 5.2, ondoa balbu, weka fyuzi ya ampea 1, kisha weka mzigo wa rezista ya omu 10, wati 5. Hiyo inavuta nusu ampea kamili. Iache robo saa na uguse: rezista itachoma, inastahili. Aisii iwe na joto la kuvumilika kwa kidole. Koili iwe vuguvugu. Koili ya moto sana ni dalili ya kiini kisichofaa, haijalishi umekinunua wapi.

Kisha pima mkondo wa betri. Kwa volti 12.5 tunatarajia kati ya miliampea 250 na 280. Ikifika 350, kuna kinachokula; kwanza shuku dayodi, pili koili. Tatu ni aisii yenyewe, maana ziko nyingi zilizochapwa jina upya huko sokoni, na Kariakoo au Luthuli Avenue hupewi nafasi ya kuzijaribu kabla ya kulipa. Njia nzuri ni kuzing'oa kwenye chaja mbovu za simu za kwenye gari. Nyingi za bei rahisi zina MC34063 ileile, na mara nyingi kilichokufa humo ni soketi au waya.

Waya mbili za data za soketi ya USB ziunganishwe pamoja, ndivyo simu inavyotambua kuwa imeunganishwa na chaja na si kompyuta. Simu kubwa itajaribu kuvuta zaidi ya nusu ampea. Ulinzi wa mkondo utaishusha volteji, na simu nyingi za sasa zitapunguza zenyewe. Itachaji polepole. Mteja aelezwe hivyo mapema.

Imebaki sehemu moja ambayo bidhaa nyingi za bei rahisi huikwepa. Transista ya ndani ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imefunguka, na volti 12 zote huingia kwenye simu ya mtu. Wekeni dayodi ya zena ya volti 5.6, wati 5, kati ya chanya ya kutoka na ardhi. Transista ikifunguka moja kwa moja, zena inabeba shoti hiyo na fyuzi ya upande wa betri inakatika. Zena yenyewe inaweza kufia hapo, na ikifa kwa shoti inaendelea kulinda. Nimeziweka mezani pamoja na fyuzi. Bodi isiyo nazo sitaiunganisha na simu ya mshiriki yeyote mchana huu.